Kushindwa kwa Mbaruk bin Rashid katika Vita vya 1895–1896

Mtu afunguapo kitabu cha barua za Serikali kilichochapishwa London mwaka 1896 ili kiwekwe mbele ya Bunge la Uingereza, atakuta kwamba vita vilivyopiganwa katika Pwani ya Kenya tangu Juni 1895 hata Aprili 1896 vimepewa jina moja tu, nalo ni maasi. Waandishi waliofuata walilipokea jina hilo bila ya kulichungua, na hata sisi tuandikao kwa Kiswahili tumezoea kusema "maasi ya Mbaruk" kama kwamba neno lenyewe halina uzito. Lakini neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu, lina sharti ndani yake. Haasi mtu ila aliyekuwa na wajibu wa kutii. Mtoto huasi wazazi, mja huasi Mola wake, na raia huasi mfalme wake. Basi swali la kwanza, kabla hatujauliza kwa nini Mbaruk alishindwa, ni hili: alimwasi nani? Nadhani atakayelijibu swali hilo sawasawa amekwisha kupata nusu ya jibu la lile la pili.

Mimi si mwanahistoria. Kazi yangu ni lugha. Ila ni desturi ya kazi hiyo kwamba mtu hawezi kulieleza neno pasipo kuwajua waliolitumia na waliotumiliwa, na ndivyo nilivyovutwa katika jambo hili.

Kwanza yafaa kuyaweka majina mahali pake, kwani wengi wamechanganyikiwa hapa. Walikuwako Mbaruk bin Rashid wawili, wote Wamazrui. Mmoja ni wa Gazi, kusini ya Mombasa, mtu mzima wa miaka mingi, mwana wa Rashid bin Salim aliyekuwa Liwali wa mwisho wa Kimazrui katika Mvita. Wa pili ni wa Takaungu, kaskazini, mwana wa Rashid bin Khamis, mdogo kwa umri na kwa sifa. Tena walikuwako Rashid bin Salim wawili: yule Liwali wa zamani niliyemtaja, na kijana wa Takaungu aliyepewa cheo mwaka 1895. Katika makala haya nitamwita yule wa Gazi Mbaruk tu, na mwenzake Mbaruk wa Takaungu.

Wamazrui walitawala Mombasa kwa muda wa karibu karne nzima. Walipobanwa na Seyyid Said bin Sultan walitafuta msaada kwa Waingereza, na mwaka 1824 Kapteni Owen wa manowari za Kiingereza alikubali kuutia mji katika himaya, hata bendera ya Kiingereza ikapepea juu ya Ngome. Serikali ya London haikuikubali kazi yake, na mwaka 1826 himaya ile ikaondolewa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji. Baadaye kidogo Rashid bin Salim na wakuu wenzake walikamatwa kwa hila, wakapelekwa kifungoni Bandar Abbas, wala hawakurudi. Waliosalia waligawanyika, wengine wakaenda Takaungu, wengine Gazi. Mbaruk alikulia Gazi akiwa mwana wa mtu aliyepotezwa hivyo, na maisha yake yote hakuwa na amani ya moyo na Mabusaidi. Alipigana nao mara kadha, na kila mara alikimbilia ngome yake ya Mwele, iliyokuwa katika msitu wa milimani nyuma ya Gazi. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeamrisha jeshi la Seyyid Barghash, aliizingira Mwele na kuitwaa, lakini Mbaruk mwenyewe alitoroka, kisha akasamehewa.

Basi huyu alikuwa bingwa wa vita vya Pwani vya mtindo wa kale. Mtu alipigana, akarudi msituni, akachosha adui, kisha wakaja wazee na barua, akapewa amani, akarudi kwake na heshima yake. Neno "amani" katika matumizi hayo halikuwa kinyume cha vita tu. Lilikuwa ni mkataba, ahadi ya usalama apewayo mtu fulani na mtu fulani. Katika mchezo huo Mbaruk alikuwa hana mwenziwe. Msiba wake ni kwamba mwaka 1895 aliuanza tena pasipo kutambua kuwa aliyekaa upande wa pili amebadilika.

Pwani ilikuwa imekodishwa kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1888. Kampuni ilikuwa na madai mengi na fedha chache, kwa hiyo iliwalipa ruzuku wakuu iliowaogopa, na Mbaruk alikuwa mmoja wao. Alipokea, akatulia. Mapema mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu. Kwa desturi ya ukoo urithi hauendi lazima kwa mtoto wa marehemu. Humwendea aliye mkubwa na afaaye miongoni mwa wanaume wa nyumba ile, nao walimwona Mbaruk wa Takaungu, mtoto wa ndugu wa marehemu aliyetawala kabla yake, kuwa na haki zaidi. Kampuni ikamsimamisha Rashid, mtoto wa marehemu, kwa kuwa alikuwa kijana na rafiki. La ajabu ni kwamba wakati huo Kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kukubaliana na Serikali juu ya kuondoka. Aliyeamua nani atawale Takaungu alikuwa mpangaji mwenye mzigo wake mlangoni.

Na namna alivyoondoka yapasa kuelezwa, kwa kuwa inatuonyesha Pwani ilikuwa mali ya nani. Kampuni ililipwa paundi 250,000. Katika hizo 200,000 zilitoka katika hazina ya Seyyid wa Unguja, nazo ni fedha zile alizolipwa na Wajerumani kwa kuwaachia Mrima na pwani ya kusini. Yaani Seyyid aliikomboa pwani moja kwa thamani ya pwani nyingine, kisha hiyo aliyoikomboa ikakodishwa kwa Serikali ya Kiingereza, kwa mkataba wa tarehe 14 Disemba 1895, kwa paundi 11,000 kwa mwaka. Lugha yetu ina neno moja, "kodi", kwa apokeacho mwenye nyumba na kwa atozacho mfalme. Sijui kama liko jambo lililofaa neno hilo kuliko hili, ambamo mfalme alikuwa akipokea kodi kwa Waingereza ambao walikuwa wakiwatoza kodi raia zake.

Mwezi wa Juni yalitokea mapigano katika Takaungu, na Mbaruk wa Takaungu, pamoja na nduguye Aziz, wakashindwa. Mbaruk wa Takaungu akakimbilia Gazi. Hapo ndipo mzee alipofikwa. Bwana Arthur Hardinge, aliyekuwa Balozi Mkuu Unguja na sasa Kamishna wa himaya mpya iliyoanza tarehe 1 Julai 1895, alimtaka amlete mgeni wake. Kumtoa mtu wa damu yako aliyeingia nyumbani mwako akiomba hifadhi ni aibu isiyofutika katika watu wa Pwani. Kutomtoa ni vita. Mbaruk alikawilia, akajibu kwa upole, akaahidi, akachelewa, na majeshi yalipofika Gazi yeye alikwisha kuingia Mwele. Mwezi wa Agosti Amirali Rawson alipanda na mabaharia na askari, akaitwaa Mwele kwa siku moja. Mbaruk alitoroka tena, na tangu hapo hata mwaka uliofuata vita vikawa vya msituni: mashamba yakachomwa, njia za bara zikakatwa, vituo vilivyokuwa karibu na Vanga na Rabai vikashambuliwa, na mapema 1896 Aziz akaingia Malindi akauchoma moto mji.

Kwa muda huo Waingereza walikuwa na taabu kubwa. Nalisema hili kwa sababu wengi hudhani kwamba vita hivi vilikwisha kabla havijaanza. Jeshi jipya lililoundwa kutokana na askari wa Kampuni, Wasudani, Wapunjabi na Waswahili, halikutosha kulinda miji na kuwafuata wapiganaji msituni kwa wakati mmoja. Na njia ya reli ya kwenda Uganda ilikuwa karibu kuanzwa, ambayo ingepita katika nchi hiyo hiyo ya Mazeras. Serikali haikuweza kuacha jambo likae.

Kwa nini, basi, alishindwa?

Wa kwanza kutajwa kwa kawaida ni mzinga. Jibu hili ni la kweli lakini si kubwa kama lionekanavyo. Mzinga uliitwaa Mwele, haukumkamata Mbaruk. Silaha za moto walikuwa nazo wote wawili, na katika msitu bunduki nzuri haimzidi sana mtu aijuaye njia. Kilichomshinda katika mambo ya vita ni bahari na waya. Waya wa simu ulikuwa umefika Unguja tangu 1879. Zamani, mwenye kupigana na Seyyid alijua ukubwa wa jeshi la Seyyid. Lililokuwapo ndilo hilo. Sasa Hardinge aliandika, India ikajibu, na Machi 1896 kikosi kizima cha askari wa Kihindi kikashuka Mombasa. Hakuna hesabu ya vita ambayo Mbaruk angeweza kuifanya akiwa Gazi ambayo ingekitia ndani yake kikosi kilichokuwa bado Bombay.

Lakini majeshi ya kigeni huhitaji njaa ya adui ili yashinde, na hapa twaingia katika jambo lililo zito zaidi. Mpiganaji wa msituni hula kwa mwingine. Wamazrui wa kaskazini walikula kwa Wagiriama, na wale wa kusini kwa Wadigo na Waduruma. Kati ya Mbaruk na Wadigo na Waduruma palikuwa na urafiki wa siku nyingi, wa biashara, wa ndoa na wa vita, nao walimsaidia sana. Kwa upande wa Takaungu hesabu ilikuwa na deni. Katika ile njaa kubwa ya katikati ya miaka ya 1880, ambayo Wagiriama waliita Mwakisenge, wazazi waliwaweka watoto rehani Pwani ili wapate nafaka, kwa tumaini la kuwakomboa mvua ikinyesha. Na walipokwenda na mahindi yao kuwakomboa, wengine waliambiwa kwamba watoto wamekwisha kuuzwa. Watoto hao wangalikuwa na umri wa kushika upinde mwaka 1895. Wagiriama wengi waliwapa Wamazrui chakula na maficho kwa ajili ya ujirani na biashara, na wengine kwa ajili ya hofu. Waingereza walipowabana, walifanya suluhu, na ghala zikafungwa. Sioni kuwa ni usaliti. Ugomvi ulikuwa ni juu ya nani akae katika kiti cha Takaungu, na hapana hata mmoja kati ya wagombea wawili aliyewaambia watapata nini akikaa yeye.

Jambo hili la rehani latuongoza katika lile la utumwa. Waandishi wenye huruma na Mbaruk hulipita upesi; waandishi wa misheni hawakuona jingine. Takaungu ilikuwa nchi ya mashamba ya nafaka, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Kwa miaka ishirini kabla ya vita watumwa walikuwa wakikimbia: wengine walikwenda Rabai penye misheni, wengine walijenga miji yao wenyewe ya watoro, kama Fuladoyo, ambayo watu wa Takaungu waliivamia mwaka 1883. Walipoonekana watoro katika misheni, wenyewe walidai mali yao kwa nguvu, na mwishoni mwa 1888 Kampuni iliwalipa fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400. Basi Wamazrui walipopigana na Waingereza walipigana pia, watake wasitake, kwa ajili ya utaratibu ambao watu wao wenyewe walikuwa wakiukimbia usiku. Rabai, iliyojaa watoro na watoto wa watoro, isingeweza kufungua mlango.

Hata hivyo pana hatari ya kuongeza chumvi. Wengi waliobeba bunduki za Mbaruk walikuwa watumwa wake au wafuasi waliojitia kwake, nao wakamfuata hata mwisho, mpaka ng'ambo ya mpaka. "Mtumwa" wa Gazi aliyepewa bunduki na sehemu ya nyara na "mtumwa" wa shamba la Takaungu ni neno moja katika kamusi tu. Yule wa kwanza alikuwa na jambo la kupoteza Mbaruk akianguka. Wa pili hakuwa nalo, na wa pili ndiye aliyekuwa wengi.

Tuje Mombasa yenyewe. Mtu angetazamia kwamba mji uliotawaliwa na Wamazrui kwa karne, mji wa Muyaka bin Haji aliyewatungia mashairi ya kuwatukuza juu ya Mabusaidi, ungeinuka. Haukuinuka. Liwali alikuwa Salim bin Khalfan, Mbusaidi mwenye mashamba makubwa, na maslahi yake yalikuwa pamoja na serikali. Watu wa Thenashara Taifa walikuwa na kumbukumbu zao juu ya utawala wa Kimazrui, na si zote njema. Mmoja aliyetoka ni Hamis bin Kombo, mzee wa Waswahili wa Mtwapa, ambaye kuingia kwake kuliwashtua Waingereza kwa vile hakuwa na sehemu yoyote katika urithi wa Takaungu. Kwa maoni yangu huyu ndiye mtu wa kuchunguzwa zaidi katika habari hizi. Yeye peke yake, katika wakuu, alipigana na utawala wa Kizungu kama utawala, wala si na mgombea mwenzake. Lau wangekuwako wazee kumi kama Hamis katika miji kumi, jina la "maasi" lisingetosha.

Kwa nini hawakuwako? Sehemu ya jibu imo katika siku ile himaya ilipotangazwa. Lloyd Mathews, ambaye sasa alikuwa waziri wa Seyyid, aliwatangazia wakuu wa Mombasa kwa jina la Seyyid Hamed bin Thuwaini kwamba mambo ya dini yataendelea kwa heshima yake na kwamba desturi za kale zitashikwa. Bendera nyekundu ikaachwa juu ya Ngome. Tangazo hilo lilikuwa na nguvu kuliko mzinga wa Rawson. Liliondoa neno ambalo lingeweza kuwakusanya watu wa koo mbalimbali, nalo ni jihadi. Kwani kadhi yu pale, msikiti u pale, na bendera ni ya sultani Mwislamu. Mtu akipigana, anampiga nani? Hapa swali letu la mwanzo linapata jibu. Katika sheria Mbaruk alimwasi Seyyid, ambaye hakuwa na askari wa kumtosha. Kwa kweli alipigana na Waingereza, ambao katika sheria walikuwa wapangaji tu. Adui aliyefichika nyuma ya jina la mwingine ni vigumu kumkusanyia watu. Na ubaya zaidi, jina hilo la Seyyid lilikuwa ndilo Mbaruk mwenyewe alilokuwa akilichukia maisha yake yote. Wale ambao wangeweza kuwa pamoja naye juu ya Wazungu hawakuwa pamoja naye juu ya Mabusaidi, naye hakuwahi kuzitenga vita hizo mbili. Hata nyumba yake mwenyewe iligawanyika, kwani Rashid bin Salim wa Takaungu naye alikuwa Mmazrui, na alipigana upande wa serikali.

Wakati wa Maji Maji, miaka kumi baadaye katika nchi ya Wajerumani, dawa moja iliwafunga pamoja watu wasiojuana. Mekatilili wa Menza, mwaka 1913, aliwaapisha Wagiriama viapo vilivyovuka mipaka ya koo. Nao walishindwa, lakini katika habari zao twaona neno likitangulia bunduki. Mbaruk alikuwa na barua nyingi, kwa jamaa, kwa washirika, kwa watu wenye madeni ya fadhili kwake. Barua humfikia yule iliyoandikiwa.

Jambo la mwisho ni mpaka. Ule mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani ulikuwa ni kimbilio jipya, bora kuliko Mwele, na Mbaruk aliutumia kama alivyoutumia msitu. Askari wa Kihindi walipoanza kumsukuma kutoka kambi hata kambi, naye hana tena chakula, aliuvuka mwezi wa Aprili 1896 pamoja na watu zaidi ya elfu moja. Alijisalimisha Moa kwa Gavana Hermann von Wissmann, yule yule aliyemvunja Bushiri bin Salim miaka saba nyuma. Nadhani alitumaini kupata amani ya kale: kukaa kidogo, kuandikiana, kurudi Gazi. Alipata ile amani ya kupewa na mtu mwenye ramani. Silaha zikachukuliwa, akapelekwa mbali na mpaka.

Miezi minne baadaye Rawson aliipiga mizinga nyumba ya mfalme Unguja, na Khalid bin Barghash, Mbusaidi, akachukuliwa na Wajerumani mpaka Dar es Salaam. Alimkuta huko Mbaruk Mmazrui. Mbaruk alifia mji huo mwaka 1910. Mashamba ya Gazi yalitwaliwa na serikali; ardhi ya Takaungu iliwekwa chini ya sheria ya amana ya Wamazrui ya mwaka 1914, ambayo Bunge la Kenya liliifuta mwaka 1989, na wajukuu wa waliokuwa na mashamba pamoja na wajukuu wa waliokuwa wakiyalima wakaendelea kuuliza ni ya nani.